Jozi Arobaini na Nane

Kabati liko kona ya tatu, Buruburu,
limebandikwa tangazo la fundi wa friji
na jingine la kuhamisha watu nyumba.
Nalifungua kwa ufunguo wa meno mawili.
Ndani mna mende, vumbi jekundu,
na jozi arobaini na nane za shaba
zilizolala shavu kwa shavu tangu sijazaliwa.

Vyombo vilivyo pamoja havikosi kugusana.
Nyaya hazigusani, kila uzi una ngozi yake ya plastiki,
lakini zinasikiana.
Anachotuma huyu, yule anakipata kama mvumo,
kama ugomvi nyuma ya ukuta:
maneno huyapati, ila usingizi umekwisha.

Waliozizika walijua. Kila jozi wakaisokota
kwa msokoto wake, huu mrefu, huu mfupi,
kama msusi asiyerudia mtindo kwa vichwa viwili.
Ilitosha, enzi za simu ya mezani.
Sauti ya mtu haikwei mbali kwenye ngazi ya masafa.
Siku hizi tunaipandisha shaba juu, juu tena,
na kadiri inavyopanda ndivyo inavyovuja.

Mwalimu Khavere, nyumba mia mbili na kumi na nne,
amepiga simu mara tisa.
"Huyu Onyiego ananiibia intaneti!
Saa moja jioni akiwasha mpira wake tu,
wanafunzi wangu wananigandia midomo wazi."
Mwalimu, nikamwambia, hakuna anayeiba.
Yeye ananong'ona kwako bila kujua,
nawe unanong'ona kwake.
"Mimi?"
Akafunga lango.

Miaka sita hawajasalimiana,
kisa ua wa kayaba uliokatwa bila ruhusa.
Miaka sita nyaya zao zinasemeshana
chini ya kayaba hiyohiyo.

Nimekuja na kadi mpya ndani ya mfuko wa sponji.
Kazi yake si kumnyamazisha mtu.
Inasikiliza kwanza. Inauliza kila laini:
umesikia nini, kutoka kwa nani, kiasi gani?
Modemu zinajibu moja moja, hazifichi kitu.
Kisha kadi inapiga hesabu,
na pamoja na ujumbe wa huyu
inatuma kivuli cha yule, kimepinduliwa,
penye kilima bonde, penye bonde kilima,
vikutane mlangoni vimezane.
Mara elfu nne kwa sekunde. Sijui binadamu
anayeweza kumjua jirani yake namna hiyo.

Lakini hesabu inawataka wote.
Arobaini na saba zimeitika.
Moja haijui lugha hii: modemu kuukuu ya Onyiego,
taa yake ya chungwa inapepesa tu.
Kisichopimwa hakifutiki.

Nikabisha. Karani mstaafu wa reli, soksi za sufu,
akaitazama modemu mpya kama hati ya mahakama.
"Nikiweka hii, yule mwanamke atafaidi?"
Ningeweza kudanganya.
Atafaidi, nikasema. Wewe pia, ila yeye zaidi.
Akanyamaza. Kwenye runinga mtu akakosa penalti.
"Weka," akasema.
"Lakini usimwambie."

Saa moja imetimia. Nimekalia ndoo mbele ya kabati,
kipimo mkononi, mvua ya Aprili
inaanza kujaribu mabati, tone hapa, tone kule.
Namba zinapanda: kumi na moja, ishirini na tisa,
zinasita, nami nasita,
sitini na mbili.

Dirishani kwake mwalimu anauliza:
theluthi mbili jumlisha robo, nani ataniambia?
Na sauti ndogo, safi, ya mtoto aliye mbali sana, inajibu,
inakosea, inacheka.
Onyiego anapigia kelele bao.
Mwalimu anasonya, anabamiza dirisha.

Hiyo imepita juu ya ua, hewani.
Huko sina kadi.
Nafunga kabati, nafuta mikono kwenye suruali.